Penalti Asiyoikumbuka

Kiseke, Mwanza
9 Agosti 1994

Mpendwa dada Adoyo,

Shikamoo. Najua barua hii itakukuta na kalamu nyekundu mkononi, unasahihisha madaftari ya wanafunzi wako, kwa hiyo naandika kwa uangalifu usije ukanipa sifuri. Sisi hapa wazima. Janet hajambo, na Owiti ameota jino la pili, sasa anamng'ata kila anayembeba.

Dada, habari ni kubwa. Jumapili tumewafunga wale wa Shinyanga moja bila, na shujaa wa siku ni mdogo wako! Kipindi cha pili ilipigwa kona, nikaruka kuupangua mpira kwa ngumi, mshambuliaji wao akanipiga goti hapa juu ya sikio. Kichekesho kinaanzia hapo. Naikumbuka ile kona, halafu nakumbuka nimebebwa juu juu, watu wanaimba jina langu. Katikati hapo sina kitu. Wananiambia nilianguka, nikalala kidogo, nikamwagiwa ndoo ya maji, nikasimama, na baadaye nikadaka penalti. Nimedaka penalti nisiyoijua! Vijana wa kiwandani sasa wananiita Kipa wa Usingizini.

Meneja alishuka mwenyewe uwanjani kunipa mkono. Wewe unajua maana yake. Tangu tulipopunguzwa kule kiwanda cha nguo, wenzangu wengi wanasukuma mikokoteni sokoni. Mimi hapa kiwanda cha samaki jina langu limeandikwa idara ya kupakia minofu, lakini kila mtu anajua niliajiriwa golini. Amekuja kipa mwingine kutoka Geita, anaitwa Luhende, kijana mrefu, anafanya mazoezi nasi na kusubiri nafasi. Asubiri tu.

Kichwa kinagonga kidogo, ni kawaida ya mchezo. Mama umwambie nimenenepa.

Mdogo wako,
Ooko

*

Kinesi, Musoma
17 Agosti 1994

Mdogo wangu Ooko,

Barua yako imefika na basi la juzi. Nimewasomea darasa la sita sehemu ile ya penalti, wakapiga makofi mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia. Mama amecheka sana. Anasema hata ukiwa mtoto ulikuwa unatembea usingizini, kwa hiyo kudaka mpira usingizini si ajabu.

Kichwa kipakae dawa ya kuchua na unywe maji mengi. Kanisani usikose.

Dada yako,
Adoyo

*

Kiseke
28 Agosti 1994

Wifi yangu Adoyo,

Shikamoo. Nimekaa siku nyingi nikijizuia kukuandikia, maana mambo ya ndani ya nyumba hayatolewi nje. Lakini wewe ndiye uliyenipokea nilipoolewa, na nisipokwambia wewe nitamwambia nani.

Ooko amebadilika. Anarudi kutoka mazoezini jua likiwa kali, anayumba, anashika ukuta. Asubuhi anatapika. Hataki mwanga, ameitundika kanga yangu dirishani tunakaa gizani mchana kutwa. Mtoto akilia anaziba masikio na kunifokea, yeye ambaye hajawahi kunipandishia sauti. Juzi alimshika Owiti kwa nguvu, nikamnyang'anya.

Wiki iliyopita nilikwenda Busisi kumwona shangazi. Tulikubaliana na Ooko anipokee Kigongo siku ya kurudi, nikishuka kwenye feri. Nilisubiri na mtoto mgongoni mpaka wauza mihogo wakaanza kunihurumia. Mwisho nikapanda gari peke yangu. Tulipofika njia panda ya Usagara nikamwona kwa dirisha: amekaa juu ya gogo kando ya barabara, viatu ameshika mkononi. Nikamsimamisha dereva. Nikamwuliza, "Baba Owiti, unafanya nini hapa?" Akanitazama akasema, "Nilishuka." "Ulishuka kufanya nini?" Akasema, "Nilishuka tu." Abiria wakaangua kicheko. Mama mmoja akaniambia, "Pole mwanangu, gongo imewamaliza waume zetu."

Mimi harufu ya pombe sijaisikia mdomoni mwake. Lakini siku hizi anatafuna tangawizi kutwa, na jirani yangu Justa ananiambia ndivyo wanavyoificha. Nikimwuliza ananigeuzia mgongo.

Tafadhali mwandikie. Wewe anakuogopa.

Wifi yako,
Janet

*

Kinesi
3 Septemba 1994

Ooko,

Sitakusalimu kwa maneno mengi. Nimesikia unakunywa.

Nilidhani katika watoto wa mzee Okwach hakuna atakayehitaji kufundishwa jambo hili. Umesahau tulivyokuwa tunamfuata baba shambani kwa mtu kumwokota? Umesahau mama alivyokuwa akimvua viatu huku analia? Wewe ndiye uliyesimama mbele ya kaburi lake ukasema chupa haitagusa mdomo wako. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, na mimi nilikuamini.

Una kazi wakati watu hawana kazi. Una mke anayekuvumilia na mtoto mwenye afya. Usimwage vyote chini. Mama sijamwambia. Nijibu wewe mwenyewe, usimtume Janet.

Adoyo

*

Kiseke
8 Septemba

Mpendwa dada,

Shikamoo. Barua nimepata. Ni kweli nimekosa. Nisamehe, nitaacha.

Msalimie mama. Mechi kubwa ni Jumapili ya tarehe kumi na nane, tukishinda tunaingia daraja la kwanza na meneja ameahidi wote tutapewa kazi ya kudumu. Baada ya hapo nitapumzika, nitakuja nyumbani.

Nitaacha, dada. Msalimie mama.

Ooko

*

Kinesi
13 Septemba 1994

Janet mke wa ndugu yangu,

Soma barua hii ukiwa umekaa, uisome yote kabla hujasimama.

Ijumaa wasichana wangu walikuwa wanacheza netiboli. Precious, wa darasa la tano, alirukia mpira akagonga kichwa kwenye nguzo ya goli. Alianguka, akanyoosha miguu, halafu akaamka akacheka na kutaka kuendelea. Nami ningemwacha aendelee, Janet. Lakini mwendo wake sikuupenda, nikampeleka zahanati ya misheni kwa tabibu Paskazia.

Paskazia alimkalisha akamwuliza, "Leo siku gani? Mlikuwa mnacheza na nani? Nani amefunga goli la mwisho?" Mtoto akajibu la kwanza tu. Akamwambia asimame kwa mguu mmoja, akashindwa. Kisha akanigeukia mimi. "Huyu hachezi leo, wala kesho, wala mpaka nimwone tena. Akae asitazame mwanga mkali, asisome, asikimbie. Ukiona anatapika, anachanganya maneno, anasahau njia, anakuwa mkali bila sababu, mlete hapa haraka."

Nilimwuliza, "Tabibu, mtu anaweza kuwa hivyo mwezi mzima?" Akasema anaweza. Nikamweleza habari za Ooko kama nilivyozipata kwako: kanga dirishani, kutapika, kile kisa cha Usagara. Nikamweleza na ile penalti. Aliweka kalamu mezani. Akasema, "Mwalimu, huyo si mlevi. Huyo ubongo wake umetikiswa na haujapona. Asiguse mpira. Ubongo wa namna hiyo ukitikiswa tena, hata kwa pigo dogo, unaweza kuvimba ndani ya fuvu, na hauna pa kwenda."

Janet, ile tangawizi ni ya kichefuchefu. Tulimwona mlevi kwa sababu tulikwisha kumwona mlevi mmoja katika ukoo wetu.

Mtihani wa darasa la saba unaanza kesho na mimi ni msimamizi, siwezi kuondoka kabla ya Jumatatu. Mwonyeshe Ooko barua hii. Asicheze Jumapili. Akilia, akitukana, asicheze. Nimemwandikia pia kocha wenu Mihayo, barua zote mbili nimempa utingo wa basi mkononi.

Adoyo

*

Mwanza
16 Septemba 1994

Kwa Mwalimu Adoyo Okwach,

Salaam. Barua yako nimeipokea jana, nami naijibu leo ili irudi na basi lile lile. Nakushukuru kwa heshima uliyoniandikia nayo.

Mke wa Ooko amekuja nyumbani kwangu na mtoto mgongoni akiwa na barua yake. Tumezungumza naye, mimi na mke wangu, kwa urefu. Nami nilimwita Ooko pembeni mazoezini, nikamwuliza kama mzazi, "Kichwa kinakuuma?" Akaniambia hapana. Nikamwuliza mbona juzi ulikosea njia ya kwenda kwenye basi la timu. Akasema ni pombe ya jana yake, ameshaacha. Nikamrushia mipira kumi, akadaka tisa. Mwalimu, mtu anayedaka mipira tisa nitamwambiaje meneja kwamba ni mgonjwa?

Mimi sikusomea udaktari. Timu yetu ina ndoo ya maji, dawa ya kuchua na kijana wa kufunga bendeji. Nimecheza mpira miaka kumi na mitano, nimepigwa kichwani sijui mara ngapi, na hivi ndivyo nilivyo. Meneja amesema kwa mechi hii anamtaka yule aliyedaka penalti. Luhende bado mchanga, mashabiki watamzomea.

Lakini maneno yako yameniingia. Nakuahidi: baada ya Jumapili nitampumzisha wiki tatu nzima, na nitampeleka mwenyewe kwa daktari. Ni mechi moja tu imebaki. Usiwe na hofu.

Wako katika michezo,
Mihayo

*

Hospitali, Mwanza
20 Septemba 1994

Wifi,

Njoo. Simu ya maandishi nimekupigia jana posta lakini sijui kama itafika Kinesi, kwa hiyo natuma na barua hii.

Nilimwonyesha barua yako, wifi. Aliisoma akiwa amefumba jicho moja. Nikamwambia, "Kwa nini uliacha nikuite mlevi? Kwa nini ulimkubalia dada yako?" Akasema, "Mlevi hafukuzwi kazi, Janet. Anaonywa. Mgonjwa ndiye anayefukuzwa." Kisha akaniambia kichwa hakijaacha kumuuma tangu siku ile, hata siku moja. Alisema hivyo taratibu, huku anatabasamu, kama mtu anayemweleza mwenzake mahali alipoficha zawadi.

Nilimfichia viatu vyake vya mpira. Akaenda akaazima.

Jumapili nilikwenda uwanjani. Nilisimama nyuma ya goli lake, mahali ambapo wanawake hawasimami, watu wakanishangaa. Nilitaka anione. Aliniona, akanipungia mkono. Kipindi cha kwanza hapakuwa na kitu. Kipindi cha pili mpira ulikuja wa juu, mwepesi, akatoka kuukamata, akagongana bega na beki wake mwenyewe, Shimba. Wifi, halikuwa pigo. Nimeona watoto wakigongana zaidi ya hivyo wakichota maji. Alikaa chini, akasimama. Watu wakacheka, wakapiga kelele, "Kipa wa Usingizini! Kipa wa Usingizini!" Akaupiga mpira mbele. Halafu akanigeukia pale nyuma ya wavu akasema, "Janet, nani amezima taa?" Ilikuwa saa kumi ya mchana.

Akapiga magoti, akalala kifudifudi. Yule kijana wa bendeji akaja mbio na ndoo yake akammwagia maji. Akammwagia tena. Nikapita chini ya wavu, nikamwinua kichwa, jicho moja mboni imekuwa kubwa, jingine ndogo.

Daktari anasema ubongo umevimba. Wamemtoboa fuvu. Anapumua. Hajaamka. Kocha Mihayo yupo hapa tangu siku ile, amekaa chini sakafuni kwenye korido, hali chakula. Sina nguvu hata ya kumchukia.

Timu ilishinda.

Janet

*

Kiseke
22 Januari 1995

Mpendwa wifi Adoyo,

Shikamoo. Mama mkwe Agutu shikamoo yake umpelekee. Dawa za kifafa za mwezi huu nimezituma na yule utingo, zimefungwa kwenye mfuko wa maziwa ya unga, naomba uniambie kama zimefika zote.

Mimi bado nipo kiwandani, meza ya kukata minofu. Meneja alinipa nafasi hiyo baada ya janga letu, na ninashukuru, ingawa nikiyasikia mazoezi ya timu nje ya ukuta kisu kinanitoka mkononi. Luhende ndiye kipa sasa. Kila akiniona anashusha macho.

Najua tulikubaliana: wewe umchukue Ooko nyumbani, maana mimi siwezi kufanya kazi na kumgeuza kitandani, na nisipofanya kazi dawa hazipatikani. Nilikubali mwenyewe. Lakini siku zinakuwa ndefu, wifi. Owiti ameanza kutembea. Watu wanakuja kunishauri, wanasema mimi bado kijana. Ndugu zangu wamekuja kutoka nyumbani kuzungumza jambo hilo hilo. Nimewafukuza.

Nataka kitu kimoja tu ili niendelee kuamka asubuhi. Niambie kweli. Ananiulizia?

Janet

*

Kinesi
2 Februari 1995

Bwana Mihayo,

Nimepata barua yako. Unasema umeacha timu ya kiwanda na sasa unafundisha vijana wa shule pale Ilemela, na unaniuliza maagizo ya tabibu Paskazia. Nilitaka nisikujibu. Barua yako ya Septemba ninayo, ile ya "mechi moja tu imebaki", na kuna siku naitoa naisoma ili hasira inisaidie kufua mashuka yake. Lakini vijana wako hawana kosa.

Andika basi. Yeyote akipigwa kichwani, au akianguka akaamka ameduwaa, atoke. Asirudi uwanjani siku hiyo hata kama anakulilia, hata kama meneja anakulilia. Usimwagie maji. Mwulize mlicheza na nani, nani amefunga, ngapi ngapi. Asiachwe peke yake. Aende kwa tabibu, na akitapika, akizidi kusinzia, akiyumba au akichanganya maneno, aende mbio. Apumzike mpaka kichwa kiache kuuma kabisa, siku kadhaa bila maumivu, ndipo aanze kukimbia polepole, na mpira wa vichwa uwe wa mwisho. Na zaidi ya yote, ajue kwamba akisema "kinauma" hatapoteza nafasi yake. Hilo ndilo lililokosekana. Mengine yote yangefuata.

Umeniuliza hali yake. Kwa kuwa umeuliza, utasikia. Mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi. Anaanguka kifafa, wiki nyingine mara mbili, wiki nyingine kila siku. Anakula akilishwa. Kusema anasema, maneno machache, ya mtoto aliyefundishwa adabu. Anamwita mama yake "mama" kwa sababu tu mimi namwita hivyo. Mimi ananiita "mwalimu". Mpira niliuweka mbele yake siku moja, akaniuliza kama ni tikiti.

Picha ya Janet na mtoto ninayo, ile waliyopiga studio siku ya ubatizo. Kila Jumapili ninamwonyesha. Anaipokea kwa mkono mmoja ulio mzima, anainamisha kichwa, anaiambia ile picha, "Shikamoo." Kama mtu anayekutana na mgeni mwenye heshima zake. Kisha ananirudishia.

Paskazia amekuja kumwona. Anasema hali ilipofika ndipo itakapobaki, isipozidi kuwa mbaya.

Ukikutana na Janet mjini, usimwambie haya. Nakuomba kitu hicho kimoja, na wewe una deni kwangu la kutosha kukitimiza.

Adoyo Okwach

*

Kinesi
2 Februari 1995

Janet mpendwa,

Marahaba, mama Owiti. Dawa zimefika zote. Mama anakushukuru, anasema Mungu akuwekee mikono yako.

Huku mvua zimeanza mapema, tumepanda mtama. Ooko tunamtoa nje asubuhi kabla jua halijawa kali, anakaa kwenye kiti anatazama ziwa na mitumbwi inayorudi. Sasa anakula vizuri. Nywele zimeota pale walipomtoboa, kovu halionekani sana.

Umeniuliza kama anakuulizia. Maneno yake bado ni machache, tabibu anasema tusimharakishe. Lakini nitakwambia jambo nililoliona kwa macho yangu. Kila Jumapili tukitoka kanisani ninampa picha yako na mtoto. Wengine wote waliomo ndani ya picha nyumbani kwetu anawapita, hata baba yetu. Ya kwako anaipokea. Anainamisha kichwa mbele yako kwa heshima, Janet, jinsi ambavyo sijapata kumwona akimheshimu mtu.

Amekusalimu. Nimesikia kwa masikio yangu, ndiyo maana naweza kukuandikia bila kuogopa: anakusalimu.

Wifi yako,
Adoyo